Binti yako atasemaje kwa Kiingereza juu ya nywele zake?

Watoto wetu wa sekondari, hapa Kasongo na kule Kabambare, wanajifunza Kiingereza. Tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wazazi wengi wanataka kujua kama watoto wanakisema kweli. Zoezi moja la mwanzo ni kueleza sura ya mtu: kimo, macho, nywele. Ni zoezi jepesi, lakini wasichana wengi wanakwama kwenye nywele.

Kwanza, sarufi. Kwa Kiswahili tunasema "nywele zangu ni fupi", na kwa Kifaransa pia nywele ni nyingi. Kwa Kiingereza, nywele zote za kichwa ni kitu kimoja: "my hair is short". Mtoto akisema "hairs", mtu wa Uingereza atafikiri unywele mmoja mmoja, kama ule unaookotwa katika sahani ya sombe.

Pili, mpangilio. Urefu unatangulia, kisha umbo, mwisho rangi: "short curly black hair". Nywele zilizosukwa huitwa "braids", na Uingereza husema pia "plaits". Mistari inayolala kichwani ni "cornrows", yaani mistari ya mahindi, kama shambani. Mvi ni "grey hair". Na "fair hair" ni nywele za rangi ya dhahabu, ingawa neno "fair" watoto wanalijua kwa maana ya haki.

Tatu, na hili linatuhusu sisi wazazi. Msichana akitafuta neno la nywele zake mwenyewe, mara nyingi anasema "bad hair". Hakulitoa kitabuni. Amelitafsiri kutoka nyumbani, katika yale tunayosema tukimsuka: "Nywele mbaya hizi, zinavunja chanuo!"

Hatuko peke yetu. Huko Marekani, watu weusi nao walizoea kuita nywele laini nzuri, na za kipilipili mbaya. Leo wengi wanaukataa mgawanyo huo. Mwaka 2019 jimbo la California lilipitisha sheria inayokataza kumbagua mtu kazini au shuleni kwa sababu ya nywele zake za asili.

Maneno mazuri yapo. "Curly" ni nywele za kujikunja. "Coily" ni zile zinazojisokota sana, kama zetu wengi. "Thick" ni nywele nyingi, zilizojaa. "Natural" ni zile zisizotiwa dawa ya kulainisha. Lakini mtoto ajihadhari na "nappy": Marekani mara nyingi ni tusi kwa nywele zetu, na Uingereza ni nepi ya mtoto mchanga.

Mama ambaye hakusoma Kiingereza anaweza kusaidia. Kusuka kunachukua saa nyingi, na binti amekaa mbele yako. Mwambie aeleze nywele zake, za dada yake, na zako pia, kwa Kiingereza. Wewe sikiliza tu kama anataja urefu, umbo na rangi kwa kufuatana. Na wewe mwenyewe, ukishika chanuo, taja unachokiona: ni nyingi, ni nzito, zinajikunja. Mtoto aliyezoea kusikia hivyo nyumbani hatakosa jibu mwalimu akimuuliza.