Bei ya Urais na Hukumu ya Kamari

Ulipokuwa ukikaribia uchaguzi wa Rais wa Marekani wa Novemba 2024, magazeti ya ulimwengu yalikuwa yakitaja kila siku hisabu mbili. Ya kwanza ni ile ya kura za maoni, nayo twaijua: watu elfu moja au mbili huulizwa watampigia nani kura. Ya pili ilikuwa ngeni masikioni mwa wengi wetu, kwani ilikuwa ni bei. Ilisemwa kuwa mgombea huyu leo ni senti 60, na mwenziwe ni senti 40, kana kwamba watajwa mafungu ya ndizi sokoni. Vijana wetu, ambao khabari hizi huzisoma katika simu zao, wanauliza bei hiyo ni ya kitu gani, kama yafaa kusadikiwa, na kama Mwislamu aweza kuinunua. Ni maswali matatu mbalimbali, na mwenye kuyachanganya hatapata jawabu hata la moja.

Kinachouzwa ni ahadi. Imeandikwa kwamba mwenye kuishika atalipwa dola 1 ikiwa fulani atashinda urais, na akishindwa hatalipwa kitu. Mwenye kudhani kuwa fulani ana nguvu hununua. Mwenye kudhani kinyume chake hushika upande wa pili. Watu wakiwa wengi, bei hupanda na kushuka kwa kila khabari inayotokea, na ikitua katika senti 60 husomwa kuwa wanunuzi, kwa jumla yao, wampa mgombea huyo nafasi 60 katika 100. Basi msomaji na aangalie jambo moja ambalo tutalirudia: dola anayoipokea mshindi haikuzaliwa na kazi wala na bidhaa. Senti 60 ni zake mwenyewe zilizomrudia, na senti 40 zimetoka mfukoni mwa aliyekosea.

Mambo haya si mapya kama yanavyodhaniwa. Huko Roma watu walikuwa wakiwekeana dau juu ya nani atachaguliwa kuwa Papa, hata Papa Gregory XIV akalikataza jambo hilo mwaka 1591. Huko New York, tangu baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe mpaka karibu na mwaka 1940, madalali wa Wall Street walipokea dau za urais hadharani, na magazeti yakachapisha hisabu zake kila asubuhi. Katika uchaguzi wa 1916 peke yake ziliwekwa dola milioni 10 hivi, fedha nyingi mno kwa zama zile. Aghlabu aliyependelewa na madalali ndiye aliyeshinda. Lakini mwaka huo huo wa 1916 walimpendelea Hughes, akashinda Wilson.

Sura ya sasa ya soko hili ilianzia chuo kikuu cha Iowa mwaka 1988. Waalimu wa uchumi wa hapo, walipoona wapiga ramli wa kura za maoni wametahayari kwa ushindi wa Jesse Jackson katika jimbo la Michigan, walifungua soko dogo kwa ajili ya utafiti, mtu asiweke zaidi ya dola 500. Baadaye wataalamu wa chuo hicho walilinganisha bei zao na kura za maoni 964 za chaguzi tano, kutoka 1988 hadi 2004, wakaona kuwa bei ilikuwa karibu zaidi na matokeo katika mara 74 kwa kila 100. Hatuoni sababu ya kulikanusha jambo hilo. Mtu akiulizwa maoni yake bure hujibu lile analolipenda. Akiulizwa kwa mali yake hujibu lile analoliamini.

Hata hivyo, bei si wahyi. Mwaka 2016 masoko yalimpa Hillary Clinton nafasi zaidi ya 80 katika 100, na aliyeapishwa ni Donald Trump. Wako waliosema kuwa soko limesema uwongo. Hao hawakuelewa: anayesema 80 amekwisha kiri kwamba ziko 20 za upande wa pili, na mara moja katika tano si muujiza. Na mtu mmoja mwenye mali aweza kuipinda bei. Mwaka 2012, katika soko la Intrade lililokuwa na makao yake Dublin, mnunuzi mmoja alimwaga mamilioni ya dola upande wa Mitt Romney, akaishikilia bei yake isianguke hata pale ambapo masoko mengine yaliiona chini. Romney alishindwa, na mali ile ikenda. Ama uchaguzi wa 2024, katika soko la Polymarket peke yake yalipita mauzo ya zaidi ya dola bilioni 3 juu ya urais, na Mfaransa mmoja akatoka na faida ya zaidi ya dola milioni 80, kama ilivyoelezwa na magazeti. Mtu huyu alikuwa na akili: aliagiza kura yake ya maoni, watu wasiulizwe watampa nani kura, bali waulizwe majirani zao watampa nani, kwani kuna wanaoona haya kujitaja wenyewe. Ni ilimu nzuri hiyo, nayo ingaliweza kuandikwa kitabuni bila ya mtu yeyote kupoteza senti.

Sasa twende katika hukumu. Mwenyezi Mungu ameitaja kamari katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91, pamoja na ulevi na masanamu na mishale ya kupigia bao, na akabainisha kuwa Shetani ataka kuwatilia watu uadui kwa hayo na kuwazuia na Sala. Kamari kwa mafakihi ni kila muamala ambao mtu huingia akiwa baina ya kupata mali ya mwenziwe na kupotewa na yake, kwa jambo lisilojulikana mwisho wake. Ahadi ile ya dola 1 ndiyo hiyo hasa. Husemwa kuwa ni kama kununua hisa. Sivyo: mwenye hisa ana fungu lake katika kiwanda, mashine na faida ya kazi, mwenye ahadi hii hana fungu katika kitu cho chote, na siku ya matokeo lazima mmoja wa wawili atoke mikono mitupu.

Kijana aliyesoma huleta hapa hoja yenye uzito, na hatutaki kuipita kwa kumkemea. Husema: je, Sayyidna Abubakar (r.a.) hakuweka dau? Ni kweli. Waajemi walipowashinda Warumi, washirikina wa Makka walifurahi, na ikateremka Sura ya Ar-Rum ikieleza kuwa Warumi watashinda katika miaka michache. Abubakar akashindana nao kwa dau juu ya khabari hiyo, na ikawa kama ilivyosemwa. Riwaya zahitalafiana katika hisabu ya miaka na ngamia, lakini katika Tirmidhi imeelezwa wazi kuwa hayo yalikuwa kabla ya dau kuharamishwa, na katika riwaya nyingine yasimuliwa kuwa Mtume (s.a.w.) alimwamuru mali ile aitoe sadaka. Wako baadhi ya wanazuoni wa madhhebi ya Hanafi waliokitolea hoja kisa hiki katika muamala na watu wa nchi ya vita, na hilo halimfai kitu kijana aliye Tanga au Mombasa na simu yake. Tena Abubakar hakubahatisha. Alisimama juu ya neno la Mola wake. Huyu wetu asimama juu ya neno la nani?

Hoja ya pili ni ya manufaa: kwamba soko hili huwapa watu ujuzi, kwa hivyo lisihisabiwe na kamari ya mpira. Na hapa twapendeza kumkumbusha Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, ambamo Mwenyezi Mungu hakukana kuwa kamari ina manufaa. Ameyataja, kisha akasema kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Zaidi ya hayo, manufaa haya yapatikana pasina kamari. Katika msimu wa 2003 wataalamu walilinganisha masoko mawili juu ya michezo 208 ya mpira wa Kimarekani, moja la fedha za kweli na moja la fedha za mchezo zisizonunua kitu, na yote mawili yakabashiri sawasawa. Na kutoka 2011 hadi 2015 idara moja ya serikali ya Marekani iligharimia mashindano ya kubashiri mambo ya dunia. Humo maelfu ya watu wa kawaida, chini ya uongozi wa Profesa Philip Tetlock na wenziwe, walitoa hisabu zao bila ya kuweka dau, na bora wao walisifika kwa usahihi wao. Lau kama ujuzi ndio unaotafutwa, mlango wake u wazi. Anayeng'ang'ania mlango wa fedha ametafuta fedha.

Kuisoma bei katika gazeti, basi, hakuna ubaya, maadamu msomaji ajua kuwa ni dhana ya watu na si elimu ya ghaibu. Kuinunua hakufai, hata kwa shilingi kumi. Na wazazi wasidhani kuwa mambo haya yako Marekani tu. Simu ile ile inayompelekea mama matumizi ya nyumbani ndiyo inayopokea dau za mpira katika Kenya na Tanzania, na kijana aliyekwisha zoea hilo hatapata taabu kuhamia kwenye la urais, khasa akiambiwa kuwa hili ni la wasomi.

Aliyekwisha shinda fedha na akatubu, achukue rasilimali yake, na kilichozidi kirudi kwa wenyewe. Nao kwa kuwa hawajulikani, wapewe masikini, wala asikihisabu kuwa ni sadaka yake. Na kijana apendaye kupima akili yake, uchaguzi unapokuja na aandike katika karatasi nafasi anazompa kila mgombea katika 100, na nduguze waandike zao, karatasi zifungwe katika bahasha awekewe bibi. Matokeo yakitangazwa zifunguliwe mbele ya wote. Asiweke mtu chochote, hata kikombe cha kahawa. Na baba akipenda kuwapa watoto halua siku hiyo, na awape wote.