Miguu ya Waingereza na Meno Yetu

Mwanafunzi wa Tukuyu, ambaye nyumbani kwao Rungwe hunena umundu kwa mtu mmoja na abandu kwa wengi, hustaajabu kuona Waingereza, ambao aghalabu huongeza s mwishoni mwa jina, wakiigeuza foot kuwa feet. Asili yake ni kwamba zama za kale wingi wa neno hilo uliishia kwa sauti ya i, iliyoivuta irabu iliyotangulia hata ikaibadili, kisha yenyewe ikatoweka na athari yake ikabaki. Nasi hatukusalimika: ma ya wingi ilipokutana na ino, irabu mbili ziliungana, tukapata meno. Majina ya namna hii hudumu kwa sababu hutajwa kila siku. Basi, enyi walimu, yafundisheni pamoja na tarehe yake.