Kamba, viti viwili na mpira wa matambara: kujifunza Kiingereza kupitia tenisi



Matangazo ya kazi yenye tunasomaka, ya ONG ao ya miradi ya kilimo, mengi yanamalizika na mstari mmoja: kujua Kiingereza ni lazima. Wengi wetu tulisoma Kiingereza tangu sekondari mpaka unif. Kanuni tunazijua. Lakini mtu akituuliza swali fupi kwa mdomo, tunalitafsiri kwanza kwa Kifaransa ndani ya kichwa, tunatafuta jibu, tunalirudisha kwa Kiingereza, na mwenye kuuliza ameshachoka kungoja. Kinachotukosa ni zoezi la kujibu haraka. Tenisi inaweza kutupatia zoezi hilo, hata fasi yenye haina kiwanja wala raketi.

Mtu atauliza: juu ya nini tenisi na si futiboli? Futiboli tunaijua kupita kiasi. Mpira ukianza tu, kila mtu anapiga kelele kwa Kiswahili ao kwa Mashi, na Kiingereza kimekwisha. Kwa tenisi kuna kimya kidogo mbele ya kila pointi, na katika kimya hicho mwamuzi lazima aseme hesabu. Maneno ni machache na yanarudi mara nyingi. Kwa mwanafunzi hiyo njo dawa: kusikia neno moja na kulisema mara kumi na tano, kila mara likiwa na maana mbele ya macho yake.

Vifaa ni kamba kati ya viti viwili, mpira mwepesi wa matambara, na viganja vya mikono kama raketi. Muwe watu wanne: wawili wanacheza, wa tatu ni mwamuzi, wa ine anaelezea mchezo sawa vile mtangazaji wa redio. Kila mchezo ukiisha, munabadilishana.

Somo la kwanza ni hesabu. Pointi zinasomwa «love, fifteen, thirty, forty». Neno «love» tunalijua kwa mapenzi, lakini hapa ni sifuri. Hesabu ya mwenye kuanzisha mpira inatajwa kwanza: «fifteen–thirty» maana yake yeye iko na 15, mwenzake 30. Wakifika 40 kwa 40, inaitwa «deuce», neno lenye lilitoka kwa «deux» ya Kifaransa. Toka hapo, mtu anashinda akipata pointi mbili mfululizo: ya kwanza «advantage», ya pili «game». Masikio nayo yanafanya kazi. «Thirty» inakazwa mwanzoni, «thirteen» inakazwa mwishoni. Vilevile «fifty» na «fifteen». Kwa tenisi hakuna 13 wala 50, kwa hiyo mwamuzi akitamka vibaya, wachezaji wanamukamata palepale. Kazini, kuchanganya mifuko 13 ya mbegu na mifuko 30 ni hasara ya kweli.

Somo la pili ni mpangilio wa maneno. Kwa Kifaransa tunasema «balle de match». Kwa Kiingereza ni «match point». Kwa Kiingereza, neno la mwisho njo linasema kitu chenyewe ni nini, na la mbele linakielezea tu. «Tennis ball» ni mpira. «Ball boy» ni kijana mwenye kuokota mipira. Mtu akishika hiyo kwa mchezo, anaweza kufungua maandishi ya kilimo bila woga: «maize seed» ni mbegu, «seed maize» ni mahindi ya kupanda, «soil sample» ni kipimo cha udongo. Anza kusoma kwa nyuma. Sisi wa agronomia tunahitaji hiyo kila siku, juu tafiti nyingi za mihogo na maharagwe zinatoka kwa Kiingereza.

Somo la tatu ni vitenzi. Mtangazaji anasema kinachotendeka sasa: «She is serving. He is running.» Mchezo ukiisha, anaeleza yaliyopita: «She served. He ran. She won.» Hapo kuna mtego kwa sisi wenye kusema Kiswahili. Sisi tunashinda mchezo na tunashinda mtu, kitenzi ni kimoja. Mwingereza anagawanya: «I won the match», lakini «I beat my friend». Ukisema «I won my friend», utaeleweka sawa vile rafiki alikuwa zawadi ya tombola.

Kisha kunakuja kusoma. Kuna hadithi ya kweli yenye inafaa: mwaka 1971 Arthur Ashe, mchezaji Mwamerika mweusi, alipita Yaoundé, akaona kijana mdogo mwenye kipaji, akamusemea kwa wakubwa wa tenisi ya Ufaransa. Kijana huyo ni Yannick Noah. Ashe alishinda Wimbledon 1975, Noah akashinda Roland-Garros 1983. Iandikeni kwa sentensi sita za Kiingereza, kisha mmoja aulize na mwenzake ajibu: «Who saw the boy? Where? What happened in 1983?» Sheria ni moja: mwenye kujibu anarudisha swali lake, bila kuacha mpira uanguke. Mbele ya mwenye kukuajiri itakuwa hivyohivyo: jibu fupi, kisha swali lako.

Tenisi haitafundisha kila kitu. Kuandika barua ya kazi na kusoma ripoti ndefu kunahitaji kukaa kwenye meza na daftari. Na mada moja ikizidi wiki tatu ao ine, watu wanachoka. Hamieni kwa soko, kwa shamba, kwa hospitali, lakini mchukue sheria ileile ya kurudisha swali.

Wenye muko na klabu ya Kiingereza kwenye mtaa wenu, jaribuni siku ya posho. Mwamuzi wa kwanza awe yule mwenye anaogopaka kusema. Maneno yake ni machache, na hakuna mtu anaweza kuendelea kucheza mpaka ayaseme.