Lishe ipo jikoni Rumonge, tusiiunguze

NI saa kumi na moja jioni, katika kitongoji kimoja cha Rumonge, karibu na barabara iendayo Nyanza-Lac. Jirani yangu amebandika sufuria ya mawese juu ya mafiga na anachochea kuni. Moshi unapanda, watoto wanakohoa, na yale mafuta mekundu yanaanza kufifia. Yanakuwa ya manjano, kisha karibu meupe. Jirani anaepua na kutabasamu.

"Sasa yameiva, Mwalimu. Harufu imekwisha."

Harufu ilikuwa imekwisha kweli, lakini kulikuwa na kitu kingine kilichokwisha pamoja nayo. Ile rangi nyekundu ya mawese ndiyo ambayo mwili wa mtoto huigeuza kuwa vitamini A, yaani kinga ya macho na kinga ya magonjwa. Mawese yakipikwa katika moto wa kawaida, sehemu kubwa ya rangi hiyo hubaki. Yakichomwa hadi joto la zaidi ya nyuzi 200 na kuwa meupe, rangi hupotea na vitamini huenda na moshi.

Sikumkosoa siku ile, kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka mingi.

Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania. Wazazi wangu walivuka mpaka mwaka 1972. Huko nilisoma kwa Kiswahili, na katika somo la Sayansi Kimu tulifundishwa makundi ya vyakula. Mwalimu wetu alichora ubaoni karoti, yai, ini na glasi ya maziwa. Mawese hayakuwamo, wala sombe, wala ndagala. Basi niliporudi nyumbani mwaka 2008, nilikuwa nikipita sokoni Rumonge nikitafuta karoti zilizotoka milimani, huku nimezungukwa na chupa za mawese pande zote. Nilikuwa na elimu, lakini sikuwa na macho ya kuona kilicho mbele yangu.

Aliyenifumbua macho ni mwanafunzi wangu. Alikuwa darasa la tatu, lakini kwa kimo ungedhani ni wa darasa la kwanza. Kila ilipofika saa nne alilaza kichwa juu ya dawati. Nilidhani ni uvivu, nikamwita mama yake. Nilipoambiwa kuwa baba ni mvuvi, nilishangaa. Mtoto wa mvuvi anakosaje chakula?

"Mwalimu, samaki tunawaona, hatuwali," mama yule alinijibu kwa upole. "Wote wanakwenda sokoni. Nisipowauza, unga, sabuni na daftari vitatoka wapi?"

Mtoto alishiba kila siku, tena alishiba ugali wa muhogo. Na hapo ndipo penye tatizo.

Kwa mujibu wa Utafiti wa Demografia na Afya wa Burundi wa mwaka 2016-2017, asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Hao ni zaidi ya nusu. Udumavu si njaa ya siku moja. Ni mtoto kukosa virutubisho kwa muda mrefu, hasa tangu mimba hadi anapotimiza miaka miwili, na mara nyingi kusumbuliwa na magonjwa juu yake. Kimo kilichopotea katika miaka hiyo ni vigumu kurudishwa, na akili ya darasani nayo huathirika.

Muhogo unatia nguvu, lakini unga wake una protini kidogo sana, kiasi cha asilimia moja au mbili tu. Tumbo linajaa, mwili haujengwi. Kwa hiyo swali la kila mama si "nimepika ugali?" bali "ugali huu unaliwa na nini?"

Jibu tunalo hapahapa ufukweni, nalo ni ndagala. Samaki hawa wadogo huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana. Ndagala aliyekauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Zaidi ya hayo, huliwa mzima, kichwa na mifupa, na katika mifupa hiyo mna kalisi ya kujenga mifupa ya mtoto. Wengine huwatoa vichwa ili mboga ipendeze, lakini kwa kufanya hivyo wanatupa sehemu yenye faida. Kwa mtoto mdogo, wachambue, waoshe, wakaange kidogo bila mafuta, kisha watwange wawe unga. Kijiko cha unga huo ndani ya uji hakionekani, ila kazi yake ni kubwa.

Tatizo la ndagala wetu lilikuwa mchanga, kwa kuwa walianikwa chini. Tangu miaka ya 2000, kwa msaada wa shirika la FAO, baadhi ya wavuvi na akina mama wa pwani yetu walianza kuanika juu ya vichanja vya wavu. Ndagala wa kichanjani hukauka haraka, hawana mchanga, na hata mvua ikija huokolewa kwa urahisi. Ukiwa na uwezo wa kuchagua sokoni, chagua hao.

Tuje kwenye sombe, ambayo Watanzania huiita kisamvu. Majani ya muhogo yana protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani, pamoja na madini ya chuma na vitamini. Lakini yana asili ya sumu ya sayanidi, na hapo ndipo hekima ya bibi zetu inapoonekana. Unapotwanga majani kwenye kinu, unavunja chembe zake na sumu inaachiliwa. Sumu hiyo hugeuka mvuke kwa joto la nyuzi 26 tu. Basi twanga hadi yalainike kabisa, yaache kidogo, kisha yachemshe bila kufunika sufuria ili mvuke utoke. Anayetwanga nusunusu na kufunika sufuria ili kuokoa kuni anaifungia sumu ndani.

Muhogo mchungu nao hautaki haraka. Uloweke siku tatu au nne hadi ulainike, ndipo uanikwe uwe kivunde. Mwaka 1985 huko Tarime, kaskazini mwa Tanzania, ukame uliwafanya watu wafupishe kazi hiyo, na wengi walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu na usiopona. Ugonjwa huo umewatesa pia ndugu zetu wa Kongo. Protini ya samaki na maharage husaidia mwili kuitoa sumu hiyo, na ndiyo maana ugali mtupu ni hatari maradufu.

Sasa tazama sufuria ya sombe ya zamani: majani yaliyotwangwa, konzi ya ndagala, na mawese mekundu kutiwa mwishoni. Vitamini ya majani huhitaji mafuta ili mwili uipokee, na mawese yanafanya kazi hiyo huku yakiongeza ya kwao. Bibi zetu hawakusoma Sayansi Kimu, lakini walifaulu mtihani. Ila tusizidishe. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina isiyofaa moyo yakiwa mengi. Kijiko kinatosha, upawa si lazima.

Mengine ni madogo lakini yana faida. Lengalenga zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa maji kidogo na muda mfupi, na maji yake yasimwagwe. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, na hapo yataiva mapema na makaa yatabaki. Ukila maharage, kamulia ndimu ili mwili upate madini yake ya chuma, na chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula.

Najua kwamba shauri la mwalimu haliweki unga ghalani. Yule mama wa mvuvi sikumwambia aache kuuza. Tulikubaliana jambo moja tu: kabla beseni halijaenda sokoni, atoe konzi moja ya ndagala iwe ya watoto, na konzi hiyo isiende kwenye sahani ya baba wala ya mgeni. Haba na haba hujaza kibaba. Kijana bado ni mfupi, siwezi kudanganya. Lakini saa nne sasa anainua mkono kujibu maswali.

Na jirani yangu? Nilipomweleza habari ya ile rangi, alinisikiliza, akacheka, akasema harufu bado inamkera. Siku hizi ana chupa mbili. Moja huichoma kwa ajili ya kukaangia mukeke wa wageni. Nyingine haiguswi na moto mkali. Hiyo, anasema, ni ya watoto.