Motokaa Kuukuu Inayovuja Oili: Tafuta Chanzo Kwanza

Mtu aamkaye asubuhi akaona doa jeusi chini ya motokaa yake, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hulipuuza doa lile, akisema kwamba motokaa kuukuu ni kama mzee, haikosi udhaifu. Ama huingiwa na hofu, akakimbilia kwa fundi na kumwambia aifungue injini yote. Wote wawili hupata hasara: wa kwanza hupoteza injini, na wa pili hupoteza fedha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakusema tubomoe nyumba nzima ili kuutafuta ufa.

Tuchukue mfano wa Volkswagen ile ndogo yenye mgongo kama wa kobe, ambayo injini yake iko nyuma. Motokaa ya namna hii ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1957, na tena mwaka 1962. Ya mwisho iliundwa huko Meksiko mwaka 2003; kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imekwisha pita miaka 20.

OILI NDIYO DAMU YAKE

Injini hii haina rejeta wala maji. Hupozwa kwa upepo wa feni na kwa oili yenyewe, nayo huchukua lita 2½ tu. Basi ikivuja lita moja, sehemu mbili kati ya tano za damu yake zimekwisha potea, na ile iliyobaki hupata moto kupita kiasi.

Wengine hungojea taa ya oili iwaonye. Hilo ni kosa kubwa. Taa hiyo haionyeshi wingi wa oili, bali huonyesha kwamba msukumo wake umepungua. Ikiwaka mnapokuwa safarini, simama mara moja na kuzima injini, kwa maana beringi huenda zimekwisha anza kusagana. Njia iliyo bora ni kutazama kijiti cha kupimia kila wiki, na mara nyingi zaidi ikiwa unajua kwamba oili inavuja. Simamisha motokaa mahali palipo sawa, zima injini, ngoja dakika chache, ndipo upime. Wala usijaze kupita alama ya juu, kwani oili ikizidi nayo hutafuta njia ya kutoka.

TONE HUANGUKA MBALI NA CHANZO

Oili hutiririka kwenda chini, na motokaa ikienda, upepo huisukuma. Kwa hiyo mahali linapoanguka tone sipo panapovuja. Kwanza ioshe injini ikiwa baridi, kwa brashi na sabuni, ukiangalia maji yasiingie katika nyaya za umeme. Ikikauka, endesha mwendo mfupi. Kisha tandika gazeti kuukuu chini yake usiku kucha (baada ya kulisoma, bila shaka), na asubuhi tazama kwa kurunzi mahali pa juu kabisa palipolowa. Hapo ndipo pa kuanzia.

Katika Volkswagen hii, anza na vifuniko viwili vya vali, kimoja kila upande. Vimeshikwa na waya tu, na gasketi zake za koki zikikauka hupasuka. Kuzibadili ni kazi ya muda mfupi. Kisha tazama mirija minane iliyo chini ya silinda, irudishayo oili kutoka juu. Sili za ncha zake hukauka kwa moto. Tena tazama kibati cha kichungi chini ya injini, kilichofungwa kwa nati 6 ndogo. Gasketi zake hubadilishwa kila oili inapobadilishwa.

Oili ikidondoka pale injini inapokutana na giaboksi, inusa. Oili ya gia ina harufu kali kama ya kiberiti. Ya injini haina. Ikiwa ni ya injini, huenda sili kuu iliyo nyuma ya flaiwili imechoka, na hapo ni lazima injini ishushwe. Hiyo ndiyo kazi yenye gharama; basi usikubali ifanywe kabla ya kuhakikisha kwamba zile sehemu rahisi za juu hazivuji.

Kadhalika chunguza mpira wa kupumulia wa injini. Ukiziba, hewa iliyofungwa ndani husukuma oili kupita katika sili hata zikiwa mpya.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Usikaze nati kwa nguvu zote ukidhani utazuia mvujo. Zile 6 za kichungi hung'oka upesi, na gharama ikawa mara kumi. Usipake gundi nyingi juu ya gasketi. Vipande vyake huanguka ndani na kuziba njia za oili. Usiingie chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka stendi madhubuti. Oili iliyokwisha tumika usiimwage shambani wala mtoni, kwa sababu huharibu maji ya watu na ya wanyama.

Mwisho, usidharau moshi au harufu ya kuungua. Mwenye kufungua hewa ya moto garini asubuhi ya baridi huko Limuru, akasikia harufu ya oili, na ajue kwamba inadondoka juu ya bomba la moshi. Huo ni mwanzo wa hatari ya moto.

Kuna mivujo midogo ambayo mwenye motokaa aweza kuishi nayo kwa muda, maadamu anapima na kuongeza. Lakini hakuna awezaye kuishi na mvujo asioujua. Fundi mwema atakushukuru ukimwonyesha mahali. Na asiye mwema hataweza kukutoza kwa kazi isiyohitajiwa.