Mvuto wa Michoro ya Majarida ya Kale

Michoro ya majarida ya karne ya 19 ina ugeni unaomvuta mtu aitazame tena. Anga imejaa mistari sambamba, nyuso za umati zinashabihiana, na moshi wa meli umeganda kama jiwe. Ugeni huo ulitokana na ubao uliotumika kuichapa.

Jarida la The Illustrated London News lilipoanza London mwaka 1842, mitambo haikuweza kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi. Mchoro ulichongwa kwenye mti mgumu sana, Buxus, uliokatwa mkingamo wa shina. Mchongaji aliondoa sehemu zilizotakiwa kubaki nyeupe. Mistari aliyoiacha ndiyo iliyoshika wino. Kwa kuwa ubao ulilingana kimo na herufi za risasi, vyote vilichapwa kwa mpigo mmoja. Rangi ya kijivu haikuwepo. Palipotakiwa kivuli, mistari ilisongamanishwa. Palipotakiwa mwanga, iliachanishwa.

Shina la Buxus ni jembamba, hivyo mchoro mkubwa ulihitaji vipande kadhaa vilivyofungwa kwa boliti. Habari ikiwa ya haraka, vipande vilifunguliwa na kila mchongaji akapewa chake, kisha vikaunganishwa. Ndiyo maana baadhi ya michoro ina ufa mwembamba mweupe unaokatiza anga. Na ili kazi ya mikono mingi ionekane ya mkono mmoja, wote walifuata mtindo uleule wa mistari.

Mara nyingi wachongaji hao hawakuwa wamefika mahali walipopachonga. Mwaka 1872 jarida hilo lilichapa mchoro wa mwanahabari Stanley na mpelelezi Livingstone wakikutana Ujiji, ukitegemea maelezo ya Stanley mwenyewe. Ujiji ile ilipita kwanza kwenye kumbukumbu ya mgeni, ndipo ikachongwa.

Mwishoni mwa karne hiyo ilienea mbinu ya kuchapa picha za kamera kwa vitone, na karakana za wachongaji zikafifia. Hata hivyo, mwaka 1934 msanii Max Ernst alitoa Une semaine de bonté, kitabu cha picha alizoziunda kwa kukata na kubandika michoro ya zamani ya kuchongwa. Vipande vya asili tofauti vilikubaliana kwa sababu mistari yake ilikuwa ya ukoo mmoja.

Ukikutana na mchoro wa namna hii maktabani, chukua lenzi, utafute maungio ya mbao na uhesabu mikono iliyoutengeneza. Ukishawaona wachongaji, ndipo uamue ni kiasi gani cha tukio lenyewe unaweza kukiamini.