Kabla ya Kununua Keria, Liulize Paa

Hebu yatazame magari yanayotoka mjini kwenda mbugani, au hata yale yanayokwenda Moshi na Arusha ifikapo mwezi wa Desemba. Juu ya paa utaona madumu, tairi la spea, magodoro, hema, na wakati wa kurudi mikungu ya ndizi. Vyote hivyo vimebebwa na keria. Mwenye gari akiulizwa keria hiyo aliichaguaje, jibu huwa moja kati ya mawili: niliikuta kwenye gari, au nilimwambia fundi anitengenezee iliyo imara. Hilo neno "imara" ndilo ninalotaka tulizungumze juma hili. Wengi wetu tunapolitamka tunafikiria chuma kinene, na chuma kinene kilichowekwa juu ya paa kina madhara ambayo hicho hicho kikiwa chini kwenye chasisi hakina.

Tuanze na paa lenyewe. Kila mtengenezaji wa magari huweka kikomo cha uzito unaoruhusiwa juu ya paa, na kikomo hicho kimeandikwa katika kile kitabu kinachokuja na gari, ambacho kwa wengi wetu kimekaa chini ya kiti tangu gari liliponunuliwa. Kisome. Na ukisoma, fahamu jambo ambalo watu wengi hulisahau: katika kilo hizo, keria yenyewe nayo imo. Tuseme kitabu kimekuruhusu kilo 100. Ukifunga keria ya chuma yenye kilo 60, umebakiwa na kilo 40, yaani madumu mawili ya maji ya lita 20, basi. Hema hujaweka, tairi hujaweka. Ndiyo maana keria inayosifiwa kwa uzito wake inaweza kuwa imekwisha kula nafasi ya mizigo kabla hata hujaanza kupakia.

Kuna vikomo viwili, na tofauti yake inachanganya watu. Mathalani ile Land Rover Defender mpya iliyoanza kuuzwa mwaka 2020: watengenezaji wake walitangaza kwamba paa linabeba hadi kilo 168 gari likiwa linakwenda, lakini kilo 300 likiwa limesimama. Mtu atauliza, paa ni lile lile, iweje hesabu zitofautiane hivyo? Sababu ni kwamba gari likitembea, mzigo hautulii. Gurudumu likiingia shimoni, mzigo unashuka kwa nguvu na kuligonga paa; gari likikata kona, mzigo unavutia upande wa nje; ukikanyaga breki, unasukuma mbele. Gari likisimama, unabonyeza chini tu. Kwa hiyo watu wazima wawili wenye kilo 70 kila mmoja wanaweza kulala katika hema lenye kilo 60 juu ya gari hilo usiku kucha bila wasiwasi. Lakini kilo hizo 200 huwezi kuzifunga juu na kuondoka nazo kwenda Loliondo.

Sasa nije kwenye jambo linaloua. Tufanye hesabu ndogo. Chukua gari lenye kilo 2,200, ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 75 kutoka ardhini. Juu ya paa, kiasi cha mita 2 toka chini, weka kilo 150, keria na mizigo pamoja. Ukipiga hesabu utakuta kitovu cha uzito kimepanda hadi sentimita 83. Sentimita 8 tu! Utacheka. Lakini uwezo wa gari kuhimili kuvutwa ubavuni unategemea upana wa magurudumu ukilinganishwa na urefu wa kitovu hicho, na upana haukuongezeka. Kwa hiyo gari limepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kusimama wima. Na hapo bado hatujahesabu springi zilizochoka, ambazo zikikata kona zinaliacha gari lilale zaidi, na lile kundi la mbuzi linaloibuka ghafla kutoka vichakani. Dereva anakwepa kulia, gari linalala kushoto. Anarudisha usukani, gari linalala kulia likiwa na kasi ya kule lilikotoka. Mara ya kwanza linapona. Ni hiyo mara ya pili, pale mzigo wa juu unapolivuta, ambapo gari hupinduka. Kwenye changarawe mambo huwa mabaya zaidi, maana magurudumu yakiteleza kiubavu na kukutana na ukingo wa barabara, hakuna ufundi wa dereva utakaosaidia. Watoto wako wako ndani, nawe umewabebea jiko la gesi juu.

Kwa hiyo mtu anayeniuliza keria gani anunue, mimi humwuliza kwanza: unataka kuweka nini huko juu? Vitu vya juu viwe vikubwa kwa umbo na vyepesi kwa uzito: magodoro, viti vya kukunja, mahema ya kawaida, nguo. Vizito vikae ndani, chini, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Maji ni kilo moja kwa kila lita, hayana punguzo. Dizeli lita 20 ni kama kilo 17 kabla hujahesabu jerikeni lenyewe. Tairi la gari kubwa la safari, pamoja na rimu yake ya chuma, linaweza kupita kilo 30, na kulishusha peke yako ukiwa porini umesimama juu ya bampa ni kazi ya kumvunja mtu mgongo. Kama mlango wa nyuma au sehemu ya chini ya gari ina mahali pa kulifunga, liache huko.

Ukishajua mizigo yako, tazama namna keria inavyoshika paa. Land Cruiser za aina ya 70, zilizoanza kutoka mwaka 1984 na ambazo bado ndizo zinazotawala mbugani kwetu, zina kijifereji cha kupitishia maji ya mvua pembeni mwa paa. Defender za zamani, zile zilizokoma kutengenezwa Januari 2016, nazo zinacho. Kijifereji hicho ni rafiki mkubwa, maana miguu ya keria inaweza kukishika kwa urefu wote wa gari na uzito ukagawanyika. Dai miguu sita au minane kwa keria ndefu, minne haitoshi. Lakini chungulia kwanza ndani ya kijifereji: kama rangi imevimba, basi kutu imeingia, na utakuwa umefunga mizigo yako kwenye bati lililooza. Magari mengi ya siku hizi hayana kijifereji kabisa. Yana matundu maalumu yaliyofichwa chini ya vifuniko, au vyuma viwili virefu vya pembeni. Hivyo vya pembeni katika gari dogo visikudanganye kwa ung'avu wake. Vingine vimekusudiwa kubeba baiskeli na sanduku la nguo.

Hapa niseme na wale wanaonunua magari yaliyokuwa ya watalii. Mengi yamekatwa paa ili lile la juu liweze kuinuliwa na wageni wasimame wakipiga picha za simba. Kazi hiyo ikifanywa na karakana inayojua, fremu ya ziada huwekwa kufidia bati lililoondolewa. Ikifanywa ovyo, paa limebaki kama kifuniko cha sufuria. Kwa vyovyote, ile hesabu ya kitabuni ilihusu paa zima, si hilo lililokatwa. Na keria ikikaa juu ya paa la kuinuliwa, kila mnyama akionekana mtakuwa mnainua na mizigo. Gari la namna hiyo, keria yake iwe fupi, ikae juu ya viti vya mbele au nyuma kabisa, pale ambapo bati halikuguswa.

Chuma au aluminiamu? Ubishi huu hauishi kwenye vijiwe vya mafundi. Kwa ujazo ule ule aluminiamu ina theluthi moja hivi ya uzito wa chuma, ingawa keria iliyokamilika haiwi theluthi, kwa kuwa aluminiamu ni laini na hubidi iwekwe nene zaidi. Hata hivyo kilo unazookoa ni nyingi, na kila kilo hiyo ni ya juu, ile iliyo ghali. Ubaya wake ni kwamba ikipasuka huko porini, fundi wa kijiji mwenye jenereta na mashine ya kawaida ya kuchomelea hawezi kuishughulikia, wakati ya chuma ataiunga katika nusu saa nawe ukaendelea na safari. Mtu anayekwenda mbali mara kwa mara, na mfuko wake si mrefu, mimi ningemshauri keria ya mabomba membamba ya chuma, fupi, isiyo na manakshi. Mwenye uwezo achukue ya aluminiamu iliyofungwa kwa bolti, ambayo kipande kikivunjika hubadilishwa kipande. Wakazi wa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wakumbuke chumvi ya bahari. Chuma huanza kuoza kwa ndani ya bomba, hasa kwenye maungio, kwa hiyo fundi azibe ncha na atoboe vitundu vidogo chini ili maji yasituame. Na pale chuma kinapogusana na aluminiamu, paa la Defender ya zamani likiwa mfano, wekeni mpira katikati, la sivyo chumvi ikipata unyevu itaila hiyo aluminiamu polepole.

Fundi wa mtaani atakwambia, "Bosi, hii nakuwekea bomba nene, kazi ya maisha." Mshukuru, kisha mwombe aipime kwenye mizani kabla hujalipa. Kinachovunja keria katika barabara zetu mara nyingi ni mtetemo, zile kilomita nyingi za vituta vidogo vidogo vilivyokaribiana vinavyotikisa gari hadi meno. Mtetemo hutafuta maungio yaliyochomelewa haraka haraka na huyapasua, hata bomba liwe nene namna gani. Vipande vya pembetatu kwenye kona, na kazi safi ya kuchomelea, vina faida kuliko kuongeza unene.

Upepo nao una bei yake. Nguvu ya upepo inayolizuia gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 100, nguvu hiyo imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Keria yenye kuta ndefu kama kitanda cha mtoto hushika upepo hata ikiwa tupu, inapiga mluzi, na dizeli inakwenda. Chagua ya bapa, yenye ukingo mfupi, na iliyo rahisi kufunguliwa. Ukirudi mjini, ifungue uiweke gereji. Wako watu wanaozunguka nayo Kariakoo mwaka mzima, sijui wanamsubiri tembo gani.

Kufunga mizigo, ile mipira iliyokatwa toka tyubu za baiskeli inafaa kwa turubai tu. Mzigo wenyewe uufunge kwa mikanda yenye kukazwa, mmoja kwenda mbele na mwingine nyuma, kwa kuwa breki ya ghafla husukuma mbele. Ukishakwenda kama kilomita 50 simama, panda, kaza tena mikanda na nati zote za miguu. Mafuta, kama ni lazima yakae juu, yasijazwe hadi mdomoni, maana jua huyapanua. Na mara tangi linapopata nafasi, mimina ya juu humo kwanza, ili uingie kwenye njia mbaya ukiwa na majerikeni matupu juu ya paa.